Jiko la presha la umeme, lita 6: nyota nne kutoka kwa muuguzi mstaafu wa Tanga

Natoa nyota nne kati ya tano kwa jiko la presha la umeme la lita 6, wati 1,000, nililolinunua Ngamiani kwa shilingi 185,000 kwa ajili ya dada yangu anayeishi Tongoni, njia ya kwenda Pangani. Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya mpira wa kifuniko, na habari yake inakuja huko chini. Chapa sitaitaja. Maduka ya Tanga yamejaa chapa za majiko haya na ndani yanafanana: sufuria ya kutoa, kifuniko cha kuzungusha mpaka kijifunge, valvu ya kutolea mvuke, pini ya usalama, na vitufe vya kuchagua chakula. Ninayoyaandika yanahusu aina hii ya jiko, kwa hiyo yatakufaa hata ukinunua lenye jina jingine.

Naandika kama muuguzi. Sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanya katika wadi za watu wazima, na pamoja na dozi na vidonda, nilikuwa najaza daftari la vifo. Daftari lile lina safu ya sababu ya kifo. Kwa wazee wetu, hasa kina mama waliotoka mashambani na pwani, safu ile ilijaa nimonia, moyo kushindwa kufanya kazi, TB, na mara moja moja pumu. Ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule ambao madaktari wanauita COPD, ulionekana kwa nadra mno. Lakini mgonjwa mwenyewe nilikuwa namkumbuka vizuri. Mama ambaye amekohoa makohozi kwa miaka, amepimwa TB mara kadhaa na haikuonekana, hawezi kutoka kitandani mpaka msalani bila kusimama njiani, na anatoa pumzi kwa midomo iliyobinywa kama mtu anayepuliza moto wa kuni. Hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Alipika.

Kuuthibitisha ugonjwa huu kunahitaji spairometa, mashine ambayo mgonjwa anavuta hewa mpaka mwisho kisha anaipuliza yote kwa nguvu. Ikiwa baada ya kupewa dawa ya kufungua njia za hewa, hewa ya sekunde ya kwanza bado haifiki asilimia 70 ya pumzi yote aliyopuliza, njia zake zimeziba na hazifunguki sawasawa. Wadini kwetu mashine hiyo haikuwapo, na daktari mwangalifu haandiki jina asiloweza kulithibitisha. Akaandika kile kilichomuua mgonjwa wiki ile, yaani nimonia iliyoingia kwenye mapafu yaliyokwisha kuchoka.

Ndiyo maana kila ninaposoma takwimu za vifo vya taifa natazama kilichofichika ndani yake. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilichambua vifo vilivyotokea katika hospitali 39 za nchi yetu kuanzia 2006 hadi 2015, karibu vifo 248,000. Malaria ilikuwa ya kwanza, kama asilimia 13. Magonjwa ya mfumo wa upumuaji yalikuwa ya pili, kama asilimia 10. Ya pili, ndugu zangu! Na hapo ni waliofia hospitali tu. Bibi aliyefia nyumbani kwake Mwarongo au Kigombe, akazikwa kabla ya alasiri, hayumo. Utafiti mwingine uliochapishwa 2018, uliofanywa vijijini hapahapa Tanzania kwa kutumia spairometa, uliwakuta na COPD watu 17 hivi kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 35 na zaidi. Karibu wote walikuwa wanaishi na moshi wa kuni au mkaa. Linganisha hao 17 na namna ugonjwa huu unavyotajwa kwa nadra katika vyeti vyetu vya vifo.

Sasa turudi kwenye jiko, maana hapo ndipo lilipoingia.

Dada yangu amepika maisha yake yote kwenye mafiga, ndani ya banda la makuti lenye mlango mmoja na dirisha dogo. Kuni za mkorosho, makumbi ya nazi, vifuu. Makumbi yana moshi mzito unaokaa chini chini, na mtu aliyechutama anauvuta wote. Mwaka jana alipelekwa hospitali akiwa hawezi kumaliza sentensi, na safari hii alipata pa kupimwa spairometa. Ni COPD. Akapewa inhela na kuelekezwa namna ya kuitumia kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa, dawa ipate kufika ndani badala ya kuishia kooni. Daktari akamwambia aache moshi. Dada akaitikia kwa adabu, akarudi nyumbani, akawasha kuni, kwa sababu watu saba walikuwa wanangoja kula.

Nilikaa naye jikoni kutwa nzima nikitazama saa. Ugali ulichukua kama dakika ishirini. Mchuzi wa samaki, nusu saa. Maharage yalikaa motoni tangu chai ya asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, na muda wote huo alikuwa anarudi kuchochea, kuongeza maji, kupuliza. Siku ya makande ni hivyohivyo. Kisamvu kikitwangwa, nacho kinataka moto mrefu. Saa nyingi za moshi zinatokana na vyakula vya kuchemsha vinavyochelewa kuiva, na hivyo ndivyo jiko la presha linavyovimudu kuliko kifaa chochote nilichowahi kukiona. Sikuwa na haja ya kumnyang'anya mafiga yake yote kwa siku moja. Nilitaka kuziondoa zile saa tatu za maharage.

Kwenye maharage, jiko hili linastahili sifa zote. Maharage makavu, yasiyolowekwa, yaliiva chini ya saa moja tukihesabu na muda wa kupanda presha. Yaliyolowekwa usiku yanataka nusu ya hapo. Unayatia nazi yakishaiva, ukiwa umefungua kifuniko, kwa kitufe cha kukaangia, na tui halikatiki ukikoroga. Makande yanatoka laini na mahindi hayapasuki ovyo. Kisamvu kimemfurahisha dada kuliko vyote, kwa sababu kinaiva na kubaki na rangi yake. Pweza, ambaye sisi watu wa pwani tunajua anavyosumbua, alilainika kwa dakika ishirini za presha, akatoka na supu yake mwenyewe. Shemeji yangu, mvuvi wa siku nyingi asiyependa vifaa vya dukani, aliuliza kama kesho yake pia kutakuwa na pweza.

Wali unapikika, lakini sikupenda. Unatoka na unyevu, na ukoko haupatikani. Pilau ni afadhali ukipunguza maji. Nyama ya ng'ombe ya kawaida ya buchani, nzuri sana.

Sasa umeme. Hili ndilo swali la kwanza ninaloulizwa na kila mama, na wengi wanaamini jiko la umeme litawafilisi. Nilisoma mita ya LUKU kabla na baada ya kupika maharage ya kilo moja: ilikula chini ya nusu uniti. Sababu ni kwamba jiko likishafika presha linazima lenyewe na kuwaka kidogo kidogo tu, na ukuta wake unahifadhi joto. Nyumba ya dada iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, ambapo uniti moja ni shilingi 122 ukijumlisha na tozo. Kwa hiyo sufuria ya maharage inamgharimu kama shilingi 60. Nyumba iliyo kwenye kundi la kawaida, ambako uniti inakaribia shilingi 356, itatumia chini ya shilingi 180. Mkaa wa kuivishia maharage hayohayo hauupati kwa pesa hiyo, si Tongoni wala mjini. Tahadhari moja: kama una friji na pasi na sasa unaongeza jiko, angalia usivuke zile uniti 75, maana ukihamishwa kundi utalipa karibu mara tatu kwa kila uniti, za taa pia.

Kasoro zake nitazisema bila kuzifunika.

Halikaangi samaki. Kina cha sufuria ni kirefu na mafuta yanaruka ukigeuza. Halipiki chapati, na ugali wa kusonga, au bada, usijaribu, kwa sababu sufuria inazunguka na rangi yake ya ndani inachubuka kwa mwiko. Umeme ukikatika katikati ya maharage, presha inashuka na unaanza upya, na kwetu umeme unakatika. Kwa hiyo moto wa akiba lazima uwepo. Dada sasa anatumia mtungi mdogo wa gesi kwa ugali na mchuzi, na mafiga yamebaki kwa samaki wa kukaanga, ambaye tumemhamishia nje, chini ya mwembe, mbali na ukuta.

Liwekwe ndani ya nyumba, juu ya meza, lichomekwe kwenye soketi ya ukutani yenye waya wa ardhini. Usilichomeke kwenye ekstensheni nyembamba inayobeba pia televisheni na chaja za simu. Wati 1,000 zinapasha waya, na chini ya paa la makuti sitaki hata kufikiria. Hewa ya chumvi nayo imeanza kutia kutu skrubu za chini, kwa hiyo tunalifuta kwa kitambaa kikavu kila jioni.

Na mpira. Kifuniko kina mpira wa mviringo unaozuia mvuke. Ukilegea, presha haipandi na jiko linakuwa sufuria ya kawaida ya bei ghali. Wa dada ulilegea kabla hata waranti haijaisha. Muuzaji alisema mpira hauhesabiwi kwenye waranti, na kwamba wa kununua unaagizwa Dar es Salaam. Ulichelewa wiki kadhaa, na katika wiki hizo kuni zilirudi bandani. Hilo liliniuma. Kifaa kinachouzwa kama afya ya familia kinasimama kwa kukosa kipande cha mpira ambacho duka lingeweza kuweka kumi kwenye droo. Nyota ya tano imeishia hapo.

Nimeulizwa na wenzangu wa zamani kama jiko limemponya. Halijamponya, na mtu akikwambia jiko linaponya COPD usimsikilize. Moshi wa miaka mingi unaacha uvimbe wa kudumu kwenye njia za hewa, kuta zake zinanenepa, makohozi yanazidi, na vile vifuko vidogo vya mapafu vinavyobadilishana hewa vinaharibika. Vilivyoharibika havioti tena. Kilichobadilika kwa dada ni kwamba kikohozi cha asubuhi kimepungua, macho hayamchurizi, na tangu atoke hospitali hajashikwa tena na ile hali ya kukosa pumzi kabisa. Kila shambulio la namna ile linaondoka na kipande cha mapafu, na katika wadi nilijifunza kuwa anayelazwa kwa hali hiyo mara kwa mara ndiye niliyekuwa naandika jina lake mapema katika daftari la vifo. Bado anapumzika akipanda kile kilima kidogo cha kwenda kisimani. Inhela bado iko mfukoni.

Faida kubwa haiko kwa dada. Iko kwa mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na moja, ambaye ndiye alikuwa akitumwa kuchochea kuni.

Nalisema hili kwa sababu ya namna vifo vya ugonjwa huu vinavyopanda na kushuka katika nchi zilizovihesabu kwa muda mrefu. Marekani wanahesabu vizuri. Huko chanzo kikubwa ni sigara. Wanaume walianza kuvuta kwa wingi kwanza, wakaanza kuacha kwanza, na kiwango cha vifo vyao kwa COPD kikaanza kushuka. Wanawake walichelewa kuanza, na vifo vyao vikapanda wakati vya wanaume vinatua, mpaka mwaka 2000 idadi ya wanawake waliokufa kwa ugonjwa huu ikawapita wanaume kwa mara ya kwanza. Kinachoonekana kwenye vyeti vya vifo leo ni kile watu walichokivuta miongo kadhaa nyuma.

China ndiyo inayofanana zaidi na banda la dada yangu. Tangu miaka ya 1980 mwanzoni, serikali yao ilisambaza majiko bora vijijini, zaidi ya milioni 100. Katika eneo la Xuanwei, jimbo la Yunnan, watu walikuwa wakipika kwa makaa ya mawe kwenye shimo la moto ndani ya nyumba, bila dohani. Watafiti wakafuatilia kaya zilizojenga majiko yenye dohani na zile ambazo hazikujenga. Matokeo yalichapishwa 2005: kwa waliojenga, hatari ya kupata COPD ilipungua kwa zaidi ya theluthi kwa wanaume na kwa kama robo kwa wanawake, na tofauti ilianza kuonekana wazi baada ya miaka kumi hivi. Miaka kumi! Hakuna mama atakayekaa jikoni akaona faida hiyo kwa macho mwezi huu, na ndiyo maana majiko haya yanaachwa haraka mpira ukilegea.

Kuna jambo jingine la takwimu ambalo wengi linawachanganya, na nimelieleza kwa wanafunzi wauguzi mara nyingi. Duniani, idadi ya wanaokufa kwa COPD imepanda tangu 1990, wakati kiwango chake, yaani vifo kwa kila idadi ileile ya watu, ukisawazisha umri wao, kimeshuka. Yote mawili ni kweli kwa pamoja. Watu wameongezeka na wanaishi mpaka uzee, na huu ni ugonjwa wa waliovuta moshi muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 3.5 kwa mwaka 2021, chanzo cha nne cha vifo duniani. Waliokufa kabla ya kufika miaka 70, karibu tisa kati ya kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapo ndipo tulipo sisi.

Serikali yetu ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na yenyewe inataja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kupikia. Naunga mkono kwa moyo wote. Ila ningependa mkakati huo uingie mpaka kwenye droo ya muuza vipuri wa Ngamiani, na spairometa iingie kwenye kila hospitali ya wilaya, ili tukifika 2034 tuwe na namba za kulinganisha. Tusipopima sasa, hata vifo vikipungua hatutajua.

Nani anunue? Nyumba yenye umeme inayopika maharage, makande, kisamvu au nyama mara tatu kwa wiki au zaidi, inunue kabla ya kubadilisha televisheni. Mwenye mgonjwa wa kifua ndani, au mtoto mchanga anayebebwa mgongoni wakati wa kupika, anunue hata kwa kuchangishana; sisi tulichanga ndugu wanne. Anayekaanga samaki wa biashara pale Deep Sea hili halimfai, na mimi sina jibu jepesi la kumpa zaidi ya kuhamisha moto mahali penye upepo. Mwenye kukohoa zaidi ya miezi miwili, TB ikiwa haikuonekana, aulize waziwazi hospitalini ni wapi atapimwa spairometa.

Ukienda dukani, usilipe kwanza. Dai mpira wa akiba uwekwe ndani ya boksi, na bei yake iandikwe kwenye risiti. Soma kwenye kibati cha nyuma kama ni wati 1,000 kweli. Kisha mwambie muuzaji alichomeke hapohapo, atie vikombe viwili vya maji, afunge, msubiri pamoja mpaka pini ya usalama ipande na mvuke uache kuvuja pembeni. Akikataa, vuka barabara uende duka linalofuata.